Taruma la Kumi na Saba

Jambo lenyewe lilianza na tarakimu tatu zilizoandikwa kwa penseli.

Bodil Mikkola aliteremka ngazi asubuhi ile na soksi mbilimbili miguuni, akachochea jiko la kuni, akateleka birika la kahawa, kisha akaenda kwenye meza ya dirishani alikouacha mchoro wake. Mchoro ulikuwa wa meli: meli ya matanga ya Warusi wa Bahari Nyeupe, iliyozama na shehena ya unga katika ghuba ya Skarvnes zaidi ya miaka mia mbili iliyopita. Bodil na mumewe waliipima taruma kwa taruma, na kila taruma, yaani kila ubavu wa meli, lilikuwa na kipimo chake kando. Isipokuwa moja. La kumi na saba, upande wa kushoto, lilikuwa na kistari kitupu, na kistari hicho kilikaa kitupu miaka ishirini na minane.

Asubuhi ile kilikuwa kimejazwa. 247. Ile saba ilikatwa katikati, ile nne ilikuwa na mkia unaoning'inia, na karatasi mahali pale ilikuwa imetota na kuanza kukauka, ikiacha utando mweupe wa chumvi.

"Oddny," aliita. "Umeugusa mchoro wangu?"

Oddny Viksund, mwanafunzi wake wa mwisho, msichana wa kusini aliyekuja Skarvnes kufanya utafiti na kuzamia, alichungulia kutoka juu ya ngazi na mswaki mdomoni.

"Mimi? Huo siusogelei hata kwa kivuli. Mwaka jana niliweka kikombe karibu nao, ukanisema wiki nzima."

"Nakuuliza kwa wema."

"Na mimi nakujibu kwa wema, Profesa. Labda panya wa huku nao wameanza utafiti."

Bodil hakucheka. Ile nne yenye mkia aliijua. Aliisoma miaka sita ya ndoa, kwenye orodha za dukani, kwenye kadi za sikukuu, kwenye madaftari ya kuzamia. Ulikuwa mwandiko wa Ketil.

Wenyeji wa pwani ile walimjua Bodil kuliko alivyojijua. Baba yake alikuwa mkausha samaki, na bibi yake alimsimulia jinsi Warusi walivyokuwa wakija kila kiangazi na unga, wakapewa samaki, na jinsi pande mbili zilivyojitungia lugha ya kuuziana, nusu ya huku na nusu ya kule, lugha isiyokuwa na mwenyewe. Msichana aliyelelewa kwenye harufu ya samaki akaenda chuo kikuu katika mji wa Tromsø kusomea akiolojia ya biashara hiyo, na watu wakamcheka kwamba amekwenda mbali kusomea jikoni kwao. Hakujali. Alipoipata ile meli ghubani, alijua amepata kazi ya maisha.

Ketil ndiye aliyekuwa mzamiaji. Bodil alipima kwa kalamu, Ketil kwa mikono. Siku ya mwisho ya msimu, mwishoni mwa Septemba, Ketil aliamka na mafua na sikio linamuuma, akasema leo hapana. Bodil akamwambia limebaki taruma moja tu. "Dakika ishirini, mpenzi, halafu tunafunga." Ketil akavaa. Johan-Isak, mwenyeji wa Skarvnes aliyekuwa na mashua, akashika kamba. Baada ya dakika arobaini kamba ilivutwa juu ikaja nyepesi, na ncha yake ilikuwa imekatika. Mwili haukupatikana.

Mwaka uliofuata chuo kilimpa Bodil shahada ya uzamivu. Alisimama jukwaani akapigiwa makofi, na moyoni akajiambia kwamba aliyezama ni mwingine. Akaandika vitabu vinne, akawa profesa, akafundisha vijana wengi, na juu ya mlango wa chumba cha vifaa akaandika kwa rangi nyekundu, kwa mkono wake: ASIZAMIE MTU BAADA YA TAREHE MOSI SEPTEMBA. ASIZAMIE MTU MWENYE MAFUA. Hakuna aliyethubutu kuuliza kwa nini, maana wote walijua.

Sasa alikuwa na miaka sitini na miwili, amebakiza majira mawili astaafu, na alikuwa amerudi Skarvnes kuandika kitabu cha tano. Aliishi katika ghala la zamani la samaki, lilelile alilokaa na Ketil misimu ya kuzamia, lililojengwa juu ya nguzo kando ya gati, bahari ikipita chini ya sakafu. Katikati ya chumba cha chini palikuwa na mlango wa sakafuni, ambao zamani samaki walipandishiwa kutoka mashuani. Ilikuwa katikati ya Novemba. Jua lilikuwa limechomoza mara ya mwisho wiki ile, likachungulia upeoni kama mgeni asiyetaka kuingia, likatua, na halikutarajiwa tena mpaka Januari.

Asubuhi ya pili palikuwa na kipimo kingine, kwenye kipande cha karatasi. Ya tatu, karatasi nzima: upande wa meli uliolalia mchanga, ambao jicho la mtu hai halikuwahi kuuona, umechorwa msumari kwa msumari. Bodil aliiinamia bila kuigusa. Chumba kilinuka lami na unga uliovunda. Kwenye mbao za sakafu, kutoka mlango ule wa katikati mpaka mezani, palikuwa na madoa ya maji, moja mbele ya jingine, kwa urefu wa hatua za mtu mzima.

Alichukua tambara akayapangusa kabla Oddny hajashuka.

Siku ya nne Oddny alikwenda dukani, na Bodil akabaki peke yake. Ilikuwa saa sita mchana na nje giza lilikuwa la bluu, giza la msimu ule ambalo si usiku wala si mchana. Alikaa kwenye kiti karibu na jiko, akasubiri. Kwanza akasikia mawimbi yakinyamaza chini ya nyumba, kana kwamba mtu ameyawekea mkono. Kisha kitu kikakwaruza nguzo, polepole, kikipanda. Kikasimama chini ya mlango wa sakafuni. Kikagonga mara tatu.

"Ketil?" alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Ketil," ilijibu sauti chini ya mbao, na ilikuwa yake kabisa, ile sauti nzito yenye mkwaruzo wa tumbaku. Ila maneno yaliyofuata hayakuwa yake. Yalikuwa yale ya kuuziana, lugha ya viangazi vya kale ambayo Bodil aliisoma kwenye makaratasi yaliyoliwa na nondo. "Mimi wewe mbao. Mimi wewe misumari, majina, yote. Wewe mimi?"

"Nikupe nini?"

"Kidogo. Cha huyu. Kidogo-kidogo."

Bodil alikuwa msomi, na angeweza kuuliza huyu ni nani, na kidogo ni kiasi gani. Lakini alikuwa pia mjane ambaye kwa miaka ishirini na minane hakuwa amesikia sauti ile hata ndotoni, na mjane hujibu kabla ya msomi.

"Chukua," alisema. "Chochote utakacho, chukua. Ila usiondoke."

Mawimbi yakaanza tena.

Hakuhisi kupungukiwa na kitu. Kilichoondoka kiliondoka taratibu, kama maji yanavyopwa usipoyaangalia. Oddny ndiye aliyeona. Desemba mosi, siku ambayo kila mwaka Bodil aliwasha mshumaa dirishani kwa ajili ya siku ya kuzaliwa ya marehemu, hakuwasha. Oddny akadhani amesahau kwa sababu ya kazi. Maana kazi ilikuwa imempanda Bodil kama homa. Aliandika kuanzia alfajiri isiyokuwepo mpaka jioni isiyokuwepo, mashavu yamemwiva, macho yanang'aa, na karatasi zilizidi kuongezeka mezani: shehena kwa magunia, majina ya mabaharia kumi na mmoja, bei ya unga kwa samaki kiangazi kile.

"Haya umeyatoa wapi?" Oddny aliuliza siku moja, akishika karatasi kwa ncha za vidole. "Hakuna hifadhi ya nyaraka yenye haya. Mimi mwenyewe nimetafuta."

"Umetafuta kwa haraka, mwanangu. Vijana mnatafuta kwa haraka."

"Karatasi imelowa."

"Basi iweke karibu na jiko."

Wiki iliyofuata Oddny alimsikia akicheka peke yake chini. Akamsikia akisema, kwa sauti ya mtu anayepatana bei, "Hilo nalo chukua, silihitaji." Oddny alisimama juu ya ngazi, mkono ukiwa umekamata ubao wa ukuta, na akasikia kwamba kulikuwa na mwingine anayejibu, na kwamba huyo mwingine alikuwa akivuma wimbo, wimbo wa kubembelezea mashua ambao Bodil alizoea kuuvuma akiosha vyombo, na ambao, sasa alipofikiri, hakuwa amemsikia akiuvuma tangu theluji ya kwanza.

Hakusema. Msichana aliogopa kuonekana mjinga mbele ya mwalimu wake, na woga wa namna hiyo huwaponza wasomi wengi.

Siku mbili kabla ya Krismasi, wakiwa wanakula samaki wa kuchemsha na maini yake, Bodil aliweka uma chini, akafuta mdomo.

"Meli imekamilika," alisema. "Limebaki taruma moja la nyuma, karibu na usukani, ambalo hata kwenye mchoro wa zamani halimo. Hilo amekataa kunipa."

"Nani amekataa?"

"Limekataa kuonekana, namaanisha. Kesho upepo utatulia. Utashuka ulipime."

Oddny alidhani ni utani. "Kesho? Desemba? Nina mafua, Profesa, nakohoa tangu Jumapili."

"Dakika ishirini, mpenzi," Bodil akasema kwa upole, akimpigapiga mkono. "Halafu tunafunga."

Maneno yale Oddny aliwahi kuambiwa na Bodil mwenyewe. Alimwambia mara moja tu, kiangazi cha kwanza, wakiwa wameketi gatini, kwamba hayo ndiyo maneno aliyomwambia mumewe, na kwamba tangu siku ile hajawahi kuyaunganisha tena. Sasa yalimtoka laini, pamoja na tabasamu, na nyuma ya macho yake hapakuwa na kitu chochote kilichoumia.

Aliinuka polepole, akatoa picha kwenye rafu, ile ya mwanamume mwenye ndevu nyekundu aliyeketi ukingoni mwa mashua, miguu yake ndani ya maji.

"Huyu ni nani?"

Bodil aliitazama kwa adabu, kama unavyotazama picha za watoto wa jirani. "Mvuvi wa hapa, nadhani. Ilikuwa humu tulipopanga nyumba."

Oddny alivaa koti bila kufunga vifungo, akatoka kwenye theluji.

Johan-Isak sasa alikuwa mzee mwenye mgongo mpana, anayeendesha trekta la kusukuma theluji la halmashauri. Lakini watu walimwita kwa jambo jingine. Alikuwa msomaji. Huko kaskazini mtu akitokwa damu isiyokoma, au ng'ombe akigoma kusimama, hupigiwa simu msomaji, naye husoma kimoyomoyo maneno aliyorithishwa, na hakuna anayelijadili jambo hilo mchana wala kulikana usiku. Oddny alimkuta kwenye karakana, akamweleza yote akilia. Mzee hakumkatiza. Alipofika kwenye maneno ya dakika ishirini, Johan-Isak alizima injini.

"Ile kamba niliishika mimi," alisema. "Ilikatwa. Haikukatika. Nilimwambia Bodil ilikatika, kwa sababu ningemwambia nini. Panda."

Walimkuta Bodil akipanga vifaa vya kuzamia mezani, akipima mtungi wa hewa, anavuma wimbo usiokuwa na sauti ya wimbo.

"Karibu, Johan-Isak. Kahawa ipo."

"Sijaja kwa kahawa, dada." Alivua kofia. Akanusa. "Tangu lini linakuja?"

Bodil aliweka mtungi chini. Kisha akasema taratibu, kama mtoto aliyekamatwa, "Halina ubaya. Linanisaidia."

"Haliibi, hilo najua. Bibi yangu alinieleza. Wapo waliozama bila kufika sokoni, na mfu wa namna hiyo hapumziki, anataka kumaliza biashara. Atakuuzia chochote. Atavaa sauti ya mwenzake aliyelala naye huko chini, ukidhani ni wako. Umeliuzia nini, Bodil?"

"Sijauza kitu. Sijapungukiwa na kitu."

"Mrudishie vile vyake, naye akurudishie vyako. Choma."

"Nichome?" Bodil alisimama mbele ya meza, mikono nyuma, akizikinga zile karatasi. Kwa mara ya kwanza sauti yake ilipanda. "Hii ni kazi ya miaka thelathini na mitano. Hakuna mtu duniani mwenye kitu kama hiki. Wewe unasukuma theluji, mzee, utaelewa nini?"

Johan-Isak hakukasirika. "Kweli. Sielewi."

Ni Oddny aliyepata neno. Alimshika mwalimu wake mkono kama anavyoshikwa kipofu, akampeleka mpaka chumba cha vifaa, akawasha taa. Juu ya mlango, yale maandishi mekundu.

"Huu mwandiko wa nani?"

"Wangu."

"Kwa nini uliandika?"

Bodil aliyasoma. Akasoma tena. Akageuka, akaangalia chumba, na Oddny akaona uso wake ukibadilika, ukawa ule uso aliouzoea kwenye mashimo ya utafiti, uso wa mtu anayechimba. Kwenye kigingi kulikuwa na viatu vya mpira, namba arobaini na tano. Bodil alivaa thelathini na nane. Akavigusa. Vumbi lilikuwa juu, ndani hapakuwa na vumbi, maana kuna aliyekuwa akivisafisha kwa ndani kila mwaka. Akarudi jikoni, wengine wakimfuata. Vikombe viwili vikubwa, kimoja kimelika ukingo upande ambao mtu wa mkono wa kushoto hunywea. Yeye alitumia wa kulia. Kitanda chake juu, akakumbuka, kina bonde moja upande wa ukutani na yeye hulala upande wa nje. Mwishowe akautazama mkono wake mwenyewe, na pete iliyozama kwenye nyama ya kidole.

"Hapa aliishi mwanamume," alisema kwa sauti ya darasani. "Mrefu. Wa mkono wa kushoto. Alikufa zamani, na kuna mwanamke aliyemtunzia vitu vyake." Akagusa pete. "Mwanamke huyo ni mimi. Na simjui."

Johan-Isak akachomoa kisu chake kiunoni, akakichomeka kwenye ukingo wa mlango wa sakafuni. "Fungua jiko," akamwambia Oddny.

Akapiga goti, akaanza kusoma. Midomo ilicheza, sauti haikutoka, au ilitoka ndogo kuliko moto. Bodil alichukua karatasi ya kwanza, ile ya upande uliolalia mchanga, akaitia jikoni. Ililia chirrr kama kitu kibichi. Akatia ya magunia, ya majina, ya bei. Chini ya nyumba mawimbi yakanyamaza.

Kikagonga. Mara tatu, kisha mara nyingi zisizohesabika, kisha mlango wote ukaanza kupanda na kushuka juu ya kile kisu, na maji yakabubujika kwenye nyufa zake, maji meusi yenye harufu ya lami na unga uliovunda miaka mia mbili, na sauti ikapanda nayo, ile sauti nzito ya tumbaku, lakini sasa haikusema lugha ya kuuziana, ilisema maneno mazima, maneno ya nyumbani, Bodil, Bodil wangu, nifungulie, huku ni baridi, ni mimi, nimepima lile taruma, nimekuletea, kwa nini unanichoma, na Bodil, aliyekuwa hamjui mwenye sauti ile na hata hivyo machozi yalikuwa yakimtiririka kana kwamba mwili wake unajua jambo ambalo kichwa kimelisahau, alishika mchoro ule mkubwa, mchoro wa kwanza, uliobeba vipimo vyote vya mikono ya Ketil alipokuwa hai pamoja na kimoja tu cha mfu asiyekuwa Ketil, na visingeweza kutenganishwa, akausimamisha mbele ya mlango wa jiko, akausimamisha, mikono ikikataa.

"Mama," Oddny alinong'ona. Hakuwahi kumwita hivyo.

Bodil akaukunja, akausukuma motoni, akafunga mlango wa jiko, akauegemea kwa mgongo mpaka sweta likaanza kunuka kuungua.

Chini ya sakafu kitu kizito kiliachia nguzo. Kikaanguka majini bila kishindo. Baada ya muda mrefu wimbi likapiga, na jingine.

Johan-Isak aliinuka, akichomoa kisu. Oddny alitaka kusema neno, mzee akamzuia kwa kidole. "Usiniambie asante. Huwa hatushukuriwi, maneno hupoteza nguvu." Kisha wote wawili wakamtazama Bodil.

Kilichochukuliwa hakikurudi kidogo-kidogo, kama kilivyoondoka. Kilirudi chote, na kilianzia mwisho. Bodil alitazama mikono yake kana kwamba imeshika kamba nyepesi. Akasema, "Nilimwambia dakika ishirini." Akasema, "Alikuwa na mafua, Johan-Isak. Alisema leo hapana." Akawatazama mmoja mmoja, kwa macho ya mtu aliyeletewa habari mlangoni sasa hivi. "Mbona hamwendi kumtafuta? Bado kuna mwanga."

Hapakuwa na mwanga. Johan-Isak alikaa naye chini sakafuni, kwenye maji, akamweleza kweli ya ile kamba, kwamba ilikatwa huko chini na yeye hajui kwa mkono wa nani, kweli aliyomficha miaka ishirini na minane. Bodil alisikiliza. Kisha akalia, kilio ambacho wakati ule wa kwanza hakukilia, maana wakati ule alikuwa na tasnifu ya kumaliza.

Kitabu cha tano hakikuandikwa. Chuo kilimpa shada la maua na hotuba fupi, na wenzake walisikitika kwamba mchoro maarufu wa meli ya Skarvnes umeungua kwa ajali ya jiko. Oddny alibadilisha mada ya utafiti wake, akachagua maghala ya nchi kavu.

Lakini hayo yalikuwa baadaye. Asubuhi ya mkesha wa Krismasi, wanawake wa Skarvnes walianza kuja ghalani. Hakuna aliyewaambia kuna msiba. Mmoja alileta mkate wa siagi, mwingine keki, mwingine chungu cha supu kilichofungwa taulo, wakavua viatu mlangoni, wakakaa na Bodil bila kusema mengi, kama wanavyokaa na mjane wa siku moja. Mmoja wao alimvisha sweta jingine.

Nje, Johan-Isak alikuwa kwenye mlingoti wa gati, akishusha bendera mpaka nusu. Kijana wa posta aliyekuwa akipita na pikipiki ya theluji alisimama.

"Nani amefariki?"

"Ketil," alijibu mzee, akifunga kamba.

"Ketil yupi? Yule wa zamani?"

"Huyohuyo."

Kijana aliitazama bendera, akalitazama ghala, moshi ukipanda. Alivua kofia. Akabaki amesimama pale kwenye baridi kitambo, kama inavyotakiwa.